Nguzo ya Mlangoni

Madoa meusi yalijipanga duara kwenye udongo mwekundu, kila doa likiwa kaburi la nguzo iliyooza zamani. Upande mmoja palikuwa na pengo, na Mzee Shekalaghe, mkuu wa uchimbaji wa mambo ya kale, alikuwa amekwisha kutangaza kwamba hapo ndipo palipokuwa mlango wa nyumba.

Mashavu, mchimbaji asiyeishiwa utundu, akangoja wenzake waende kunywa chai. Akachimba kishimo katikati ya pengo, akakijaza masizi ya jikoni na kukishindilia kwa heshima zote za mazishi.

“Nguzo mlangoni?” mkuu alishangaa aliporudi. “Basi walikuwa wakiingilia dirishani! Mashavu, likate doa hili katikati tulione ubavu, tujue linashuka hadi wapi. Na kama ni mzaha wako, leo hii unafunga virago.”

Mashavu akakata, jasho likimtiririka. Masizi yakaisha upesi, kama alivyojua. Mara mwiko wake wa kuchimbia ukagonga jiwe, kisha jingine. Mawe yalikuwa yamebana duara la udongo mweusi ulioshuka chini zaidi, kama yanavyopangwa kushikilia nguzo.

“Masizi ni yako,” mkuu alisema taratibu. “Mawe ni ya nani?”

Mashavu akayapapasa mawe yale. Kuna mtu aliyeuziba mlango ule zamani, kwa nguzo ya kweli. Akageuka kuutazama upande wa ndani, ambao hakuna aliyeuchimba bado.