Jina Kichwa Chini

"Mimi si mgeni wa mambo haya," profesa alisema wakipanda ndege ya majaribio ya kuelea bila uzito, akaligeuza jina lake lililobandikwa kifuani likakaa wima. Hapa Houston, anayeruka mara ya kwanza huvaa jina kichwa chini, ili wahudumu wajue nani wa kumshika.

Tangu asubuhi Lorena, msaidizi wake, alikuwa anameza hasira. Pampu ya kufyonza damu ya wanaanga waliojeruhiwa aliiunda yeye, lakini profesa alikuwa amewaambia waandishi wa habari, "Hii mashine yangu."

Ndege ilipaa kwa kasi, ikainama, na uzito ukawatoka wote. Lorena, miguu imefungwa sakafuni, akaishikilia koki ya pampu. Akiiachia tu, jaribio limekwisha. Tone jekundu likaelea ndani ya kisanduku cha kioo, nono kama zabibu.

"Lorena! Nishike!"

Profesa alikuwa kwenye dari, anapiga mateke kama anayezama. Mhudumu alimtupia jicho, akaona jina limekaa wima, akaenda kumshusha mwingine.

"Miguu chini!" mkuu wa wahudumu alipaza sauti. "Uzito unarudi!"

"Nishike, dada'angu! Nitavunjika shingo!"

"Leo ndiyo nimekuwa dada?"

Lorena akaiachia koki. Akamdaka kifundo cha mguu, akamvuta, wakaanguka pamoja sakafuni.

"Umeachia koki!" profesa alifoka, bado anahema. "Umeniharibia jaribio langu!"

Lorena alimkandamiza kifua kwa goti, akalishika lile jina, akaligeuza kichwa chini.