Mkebe wa Udongo

Afisa wa forodha pale uwanja wa ndege wa Maskati aliufungua mkebe, akaunusa, akaugeuza juu chini, akaugonga kitako. Mtupu. Ulikuwa mkebe wa kilo mbili wa mafuta ya kupikia, umesuguliwa mpaka ukang'aa, nao ulikuwa umelazwa kwa heshima kati ya Biblia na leso. Afisa akamtazama mwenye begi, mwanamke wa makamo mwenye macho yaliyochoka kulia, akampisha.

Sella hakuwa na lugha ya kumweleza. Angemwambiaje kwamba amekuja kuchukua udongo wa kaburi?

Binti yake wa pekee, Nasike, aliyekuja kufanya kazi za nyumbani, alikuwa amefia mji huu. Homa ya siku mbili, alisema Wanzala, mume wa Sella, siku alipoingia chumbani kwao katika mtaa wa mabanda wa Lindi akaketi sakafuni na simu mkononi. Tajiri wake Nasike ndiye aliyepiga, na huko, alisema, maiti hailazwi; walikuwa wameshamzika. Simu za Nasike zilipitia kwa Wanzala siku zote, maana simu yake ndiyo iliyokuwa na WhatsApp. Ya Sella ilikuwa kabambe tu, kisimu cha vitufe cha kuitwa na wateja wake wa kufua kule mtaa wa Ayany.

Kwa kuwa mwili haukuja, walienda nyumbani Busia wakazika mgomba, kama desturi inavyotaka: kigogo cha urefu wa mtu, kimevishwa nguo zake. Wanzala alinunua jeneza la kung'aa lenye vishikio vya shaba. Watu wakatazamana: jeneza la bei hiyo, la mgomba? Akasema tajiri ametuma rambirambi. Tena hata kabla msalaba haujasimamishwa aliwaomba waombolezaji wasogee kando, akapiga picha ya kaburi, eti ya kumpelekea huyo tajiri.

Baada ya matanga akawa mtu wa Kawangware, kwenye vibarua vya mjengo, akirudi Lindi Jumapili na viatu vipya. Kufa kufaana, jirani yao Nabwire alisema bila haya. Sella alidhani ndivyo wanaume wanavyolia.

Kilichomkosesha usingizi ni ule mgomba. Mama mkwe wake alikuwa amemwambia waziwazi kwamba mgomba unashika nafasi tu. Mpaka udongo wa kaburi lenyewe uletwe umwagwe juu yake, mtoto atabaki njiani, hajafika kwa wafu wala hajarudi kwa walio hai.

Wanzala aliposikia hayo alikasirika. "Udongo ni udongo, Mama Nasike," alisema. "Maji yakimwagika hayazoleki."

Kesho yake akachoma vitu vya marehemu, pamoja na katoni ya tende iliyotoka Maskati wakati wa Krismasi. Hakujua kwamba Sella alikuwa ameshakata kile kipande chenye anwani ya nyumba, akakitia ndani ya Biblia, kwa sababu tu ni mwandiko wa mtoto wake.

Nauli hakuwa nayo. Mama wa Lindi ana njia moja ya kufika Maskati, ile ile aliyoipita binti yake. Akaenda kwa ajenti mmoja Kawangware, akatia sahihi kufanya kazi kwenye nyumba ya watu: miaka miwili ya kufua na kudeki, kwa ajili ya mkebe mmoja wa udongo. Kwa Wanzala aliaga kwamba anaenda Webuye kumuuguza dada yake. Wanzala hakuuliza atarudi lini.

Ijumaa yake ya kwanza ya mapumziko alimpa dereva wa teksi kile kipande cha katoni. Ilikuwa miezi mitatu kasoro siku chache tangu mazishi. Njia nzima aliupakata mkebe, akirudia maneno aliyofundishwa na mpishi wa kule alikoajiriwa, ya kuomba aonyeshwe kaburi. Aliogopa kuyasahau, na aliogopa zaidi kwamba wangemjibu hawakumbuki walimzika wapi.

Teksi ikamshusha mbele ya geti jeupe. Akabonyeza kengele. Kandambili zikaja zikiburuta, mwendo wa mtu aliyechoka, na geti likafunguka.

Alikuwa Nasike.

Amekonda, fagio mkononi, na zile nywele zake za kusukwa mpaka mabegani zilikuwa zimenyolewa zote, ndiyo kwanza zinaota. Mkebe ulimponyoka Sella ukabingirika hadi barabarani. Msichana hakumkimbilia mamake. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukutani, fagio amelishika kwa mikono miwili mbele ya kifua.

"Nasike," Sella akasema. "Mwanangu, ni mimi."

Nasike akatikisa kichwa. Akachomoa simu mfukoni mwa aproni, akatafuta kwa muda, kisha akaigeuza ili mamake aone. Palikuwa na picha ya kaburi bichi, lisilo na msalaba wala jina.

"Baba alinitumia hii," akasema. "Hata jeneza nililipa mimi. Mama, si hapa ndio ulizikwa?"