Kumi na Moja na Nusu

"Andika kumi na mbili," alisema meneja wa bwawa, akimsukumia mpimaji wa kina cha maji daftari kubwa. "Kumi na mbili tu, shemeji. Nani atakufa?"

Mpimaji alitoa kidaftari chake mfukoni, akakichungulia, akakirudisha. Kisha akaandika kwenye daftari kubwa: mita kumi na moja na nusu.

Kwa ajili ya nusu mita hiyo, mji mzima ulikuwa gizani. Miaka hii mvua imekuwa kigeugeu, na wizara ilikuwa imetoa amri: maji yakiwa chini ya mita kumi na mbili, mitambo ya umeme izimwe, yaliyobaki yawe ya mabomba ya watu. Yakifika kumi na nne, king'ora kilie na milango ya dharura ifunguliwe, maana ukuta wenyewe ni wa mita kumi na tano. Amri zote mbili zilitii daftari. Mashine ya kupimia iliungua kwa radi zamani, na mpya inaahidiwa tangu hapo. Na meneja, pamoja na maringo yake yote, aliogopa urefu. Hakuwahi kupanda juu ya ukuta kusoma kipimo hata siku moja.

"Una kisirani," alisema sasa. "Viwanda vimefungwa, natukanwa mpaka sokoni. Mvua imenyesha wiki nzima na wewe bado na nusu yako!"

"Ardhi ilikauka mno. Inakunywa kwanza."

"Nitakufukuza kazi!"

"Nifukuze. Kesho utapanda mwenyewe?"

Meneja alilifunga daftari kwa kishindo, shingo imemvimba kwa hasira.

Walichukiana waziwazi, na mpimaji hakuona haja ya kujibaraguza. Katika ukame wa mwaka juzi, shemeji huyuhuyu alizungusha mitambo mpaka bwawa likabaki tope. Mabomba yalikauka, watu wakanywa maji ya mtaroni, na mke wa mpimaji akafia wodini kwa kipindupindu. Meneja alichelewa mazishini. Alikuwa na kikao, alisema, cha kupongezana kwa kuwa taa hazikuzimika. Tangu siku hiyo mpimaji aliapa kwamba yeye akiwa hai, mabomba hayatakauka tena. Lau mtu yule asingekuwa mume wa dada yake wa pekee, hata salamu asingempa. Dada na watoto wake wanne waliishi kwenye nyumba za wafanyakazi, chini kabisa ya ukuta.

Usiku ule mvua iliacha mzaha. Ile ambayo zamani ingenyesha msimu mzima ilimwagika kabla ya kupambazuka, na asubuhi mpimaji alichelewa kufika ofisini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliingia anatweta, amelowa chapachapa, mkono ameubana kwenye mfuko wa shati.

"Mafundi wa milango wako wapi?" aliuliza. "Nimepita kibandani kwao, pamefungwa."

"Karibu kwanza!" Meneja alikuwa mchangamfu kupita kiasi, naye alipochangamka aliudhi zaidi. "Mafundi nimewapa ruhusa tangu jana, wameshaondoka kwenda makwao. Kwa kumi na moja na nusu wangekaa hapa kucheza karata mpaka lini?"

"Waite warudi."

"Barabara imekatika, watarudije? Hebu keti." Meneja alivuta kiti. "Nimekubali yaishe, shemeji. Wewe ni mkaidi, una roho mbaya, lakini ni mkweli. Nimewaandikia wizara hivyohivyo: huyu bwana hata umtishie vipi, namba haibadilishi."

Mpimaji alifungua kinywa. Simu ikalia.

"Ndiyo, mke wangu," meneja alisema, akimkonyeza shemeji yake. "Nani kawaambia mpande mlimani? Majirani wana kiherehere tu. Mvua ni mvua." Akasikiliza, akacheka. "Acha woga. Fungua hayo mabegi, watoto wapate chai. Kaka yako ndiye kapima, unamjua mwenyewe."

"Mwambie—" mpimaji alianza, lakini meneja aliinua kiganja kumzuia.

"Anakusalimia," meneja alimwambia mkewe, akakata simu. Kisha akafungua daftari kubwa, akashika kalamu yeye mwenyewe, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili akamtabasamia kaka wa mkewe. "Haya, nitajie. Leo naandika unavyosema, bila neno."

Mpimaji alitoa kidaftari mfukoni, akakiweka wazi juu ya meza. Meneja aliusoma ukurasa wa leo, akarudi nyuma akasoma wa jana, wa juzi, na wa wiki iliyopita, na hakuna hata mmoja uliokuwa chini ya kumi na mbili. Wa leo ulisema kumi na nne na robo tatu.