Nane Niliyoiona

Ngumi ilinipata sikioni. Nikajikuta nimepiga goti, na ukumbi wote umekuwa bubu. Watu walipanua midomo, sauti hakuna.

Sikuogopa. Mimi si mtu wa kulala chini. Tangu raundi ya kwanza nilikuwa namtwanga yule bingwa kama ngoma, na mkanda wake nilishauona kiunoni mwangu. Kocha alinifundisha: "Ukianguka, acha kiherehere. Pumzika mpaka nane, ndipo uinuke."

Kwa kuwa sikusikia kitu, niliikodolea macho mikono ya mwamuzi, ndani ya glovu zake nyeupe za mpira. Vidole vya kulia vilifunguka kimoja kimoja mpaka tano. Likaja dole gumba la kushoto: sita. Hapo nikaona kama amekawia. Saba. Nikavuta pumzi. Nane.

Nikaanza kuinuka. Goti halijaachana na turubai, mwamuzi akapunga mikono juu ya kichwa changu. Pambano limekwisha.

Masikio yakazibuka ghafla.

"Ulikuwa unasubiri nini, mwanangu?" kocha alipiga kelele. "Uletewe chai?"

"Nimeinuka kwenye nane!"

"Nane ipi? Kumi tumeisikia sote!"

Mwamuzi alininyooshea mkono wa kushoto anisaidie kusimama. "Pole, kijana. Nimekuhesabia kwa haki."

Niliushika mkono ule kwa hasira, nikaubana. Kati ya dole gumba na kidole cha kati, glovu ilikuwa tupu.