Kikombe Kisicho na Tangawizi

Mwaka wa sita sasa Sikudhani anajitambulisha upya kwa mama aliyemzaa. Ndiyo sheria: mtoto aliyelelewa na wengine hupewa saa moja kwa mwaka ya kumwona mama, kisha afisa humpaka mama dawa kwenye paji la uso, na saa ile ikafutika akilini mwake. Mama akikumbuka hata chembe, ziara hukomeshwa milele.

Bi Mashavu alifungua mlango, akamkagua juu mpaka chini.

"Wewe ndiye mwanangu? Na pua hiyo umeiokota wapi? Mie sikuzaa pua kubwa hivyo!"

Sikudhani alicheka. Utani ule alikwisha kuucheka mara tano.

Afisa alikaa kwenye kochi. Bi Mashavu akaleta chai, vikombe viwili vikinukia tangawizi. Cha tatu hakikuwa nayo. Akakiweka mbele ya Sikudhani.

Kwamba tangawizi humwasha koo, Sikudhani alimwambia mara moja tu, mwaka wa kwanza.

"Mbona chake hakina tangawizi?" afisa aliuliza.

Bi Mashavu alikitazama kikombe. "Hata sijui, baba. Mikono tu imefanya."

Afisa akashika kalamu.

"Mama kapitiwa tu," Sikudhani alidakia, akabadilisha kikombe chake na cha mama. "Mie tangawizi ndiyo ugonjwa wangu!"

Akanywa yote, koo likiwaka, machozi yakimlengalenga, akitabasamu.

"Kumbe unaipenda hivyo!" Bi Mashavu alifurahi, akamjazia tena.

Afisa aliweka kalamu chini. Sikudhani aliitazama ile mikono ikimimina. Ilikuwa inajifunza. Mwakani ingemtilia tangawizi, kama inavyomtilia mgeni yeyote.