Mwanagenzi Hajibu

Kitendawili: nina mjukuu, kila nikimuuliza ananiuliza. Msijisumbue, ni Mwanaheri wangu. Anafundisha shule ya kimataifa huku akisomea ualimu, na siku hizi mwalimu mwanagenzi haruhusiwi kumpa mtu jibu, hata nyumbani, mpaka afuzu. Ni kuuliza tu, watu wajifikirie wenyewe. Amevalishwa kifungo shingoni; akijibu kinalia, na masomo yote yanaanza upya.

Jumapili wazee wa Nuhu wakaja kumposa. Nikamfuata jikoni.

"Tuwaambie nini?"

"Kwani Bibi, wewe unaona tuwaambie nini?"

"Naolewa mimi, we mtoto? Haya, nyamaza basi. Zamani mwari akinyamaza, amekubali."

"Kwa nini kunyamaza kuwe ndiyo kukubali?"

Kifungo kikawaka kijani, kinamsifu. Sebuleni wazee wakakohoa.

"Kivue kidogo, mama, kisisikie. Nuhu unamtaka, humtaki?"

Akakivua, akakifukia kwenye ndoo ya mchele. Akafungua kinywa, akakifumba. Machozi yakamlengalenga.

"Bibi," akaninong'oneza, "hivi jibu huwa linaanzaje?"