Vua Viatu Kwanza

Dalali aligonga nyundo, na wakusanyaji wa magari ya kale wakaguna. Gari la mbio la marehemu baba, la mwisho la aina yake, ambalo benki ilimnyang'anya baba mkubwa, likawa langu.

Nilikuwa nimeshaliwasha baba mkubwa alipokuja mlangoni mwa gari, amenywea kama kuku aliyenyeshewa.

"Mwanangu, nipakie japo hadi getini."

"Vua viatu kwanza, Baba Mkubwa. Utachafua."

Maneno hayo ni yake. Siku tuliyomzika baba, aliniambia hivyo akiwa kwenye usukani huu huu. Mtoto mimi nikavua, naye akatia gia, akaniacha peku barabarani.

Sasa yeye akainama mbele za watu. Kamba ya kiatu ilikaza fundo, kipara kikamtoka jasho. Nilisubiri hadi kiatu cha pili kikatoka.

Nikatia gia.